Barafu ya Bure

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyeua damu ya mume wako," alisema Mama Barafu, mikono kiunoni. "Rudia basi, watu wasikie vizuri. Yule aliyesimama nje hajasikia."

"Sijasema umeiua," alijibu Mama Pacha. "Nimesema iliganda. Na mtaa huu mwenye friza ni nani?"

"Mwenye friza ni mimi, na ulilijua hilo ulipokuja kunigongea nikupe barafu ya kupozea kichupa. Hukwenda kwa muuza mkaa."

Watu wakacheka, na aliyesimama nje akasogea mlangoni ili asipitwe tena.

Ugomvi huu ulikuwa unafanyika ndani ya kibanda cha Kinyozi, ambacho kwa kweli kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Mlango mmoja ulitazama barabarani, mwingine uliingia sebuleni, na katikati kulikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka. Leo kiti hicho alikikalia Sista wa kliniki, mkoba mapajani, kwa sababu yeye ndiye aliyeleta habari na hapakuwa na pengine pa kumkalisha. Mteja aliyeondolewa kitini alisimama ukutani na shuka jeupe shingoni, kichwa kimenyolewa upande wa kulia tu. Hakuna aliyemjali. Kabla jua halijazama mtaa mzima ulikuwa unamwita Nusu, na mpaka leo haitiki jina jingine.

Kinyozi mwenyewe, mwenye hiyo damu, alisimama nyuma ya kiti akisafisha mashine ambayo ilikuwa safi tayari.

"Mama zangu, naomba nimalize," alisema Sista. "Damu ilifika maabara ya mjini imeganda kama jiwe. Walipofungua boksi walikuta barafu imekizunguka kichupa pande zote. Tena barafu ya rangi mbili."

"Rangi mbili?" Mama Barafu alishusha mikono. "Yangu ni nyeupe. Barafu ya kupozea siitii rangi."

Macho yote yakaanza kutafuta. Yakampata Seremala, kaka yake Mama Pacha, aliyekuwa ameegemea mlango wa sebuleni akijifanya anaukagua ubao wake.

"Nilipofika stendi niliona ya Mama Barafu imeanza kutoa maji," alisema Seremala. "Nikaona aibu shemeji yangu asafirishwe hivyo. Nyeupe zilikuwa zimeisha, nikachukua zile nyekundu za watoto za kulamba. Nyingi tu."

"Ukamfunika shemeji yako na barafu za kulamba," alisema Nusu.

"Wewe kanyolewe."

"Na utingo wa basi naye akaongeza," aliendelea Seremala, akitafuta wa kushirikiana naye. "Aliniambia kabisa, kaka usijali, nina barafu ya soda zangu, ntamtunzia mgonjwa."

Sista alifumba macho kidogo. Miaka yote ya kazi yake alikuwa akipigana na watu wanaosahau sampuli juani, kwenye dashibodi za magari, chini ya viti karibu na injini. Hii ya watu kuipenda damu mpaka wakaigandisha ilikuwa mpya kwake.

"Barafu peke yake huyeyuka," alisema Mama Barafu taratibu, kwa sauti ya mtu anayeijua kazi yake. "Hata ingejaa boksi, mpaka mjini ingekuwa maji baridi. Haigandishi kitu kuwa jiwe. Labda kuwe na kitu kingine."

Hapo ndipo sauti ya Bibi, mama mzazi wa Kinyozi, ikatoka sebuleni alikokuwa anachambua mboga.

"Na mimi siku ile nilikula mboga haina chumvi hata chembe. Nikauliza chumvi iko wapi, nikaambiwa imekwenda kwenye boksi la damu."

Kicheko kikaanzia mlangoni, kikaingia ndani, kikampata Seremala, kikampata Nusu mpaka shuka likamdondoka. Kinyozi naye aligeukia kioo, lakini kioo kilimsaliti. Mama Pacha peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa anatazama sakafu iliyojaa nywele za wateja kana kwamba ameangusha sindano.

"Chumvi," alisema Mama Barafu. Alijifunga kanga yake upya bila haraka. "Hiyo nilikufundisha mimi, ya kugandishia barafu za watoto pale umeme ukikatika. Sikukufundisha ya kumgandishia mume."

Akatoka. Hakubamiza mlango, ulikuwa wa kitambaa.

*

Watu walipokwisha kucheka, Sista aliwaeleza jambo ambalo halikuwa la kuchekesha.

Saratani ya damu ya Kinyozi ilikuwa ya aina inayotulizwa na vidonge. Anayevimeza kila siku huishi, hufanya kazi, huzeeka. Lakini kila baada ya miezi kadhaa lazima ipimwe kama vidonge bado vinaushika ugonjwa, na kipimo hicho hakitazami damu kwa darubini tu. Kinasoma maagizo yaliyomo ndani ya chembe nyeupe, maagizo mabovu ambayo ugonjwa umeyaandika.

"Sasa chembe ikiganda inapasuka," alisema Sista. "Ikipasuka, yale maagizo yanaharibika. Mashine inatafuta, haioni kitu."

"Kama chupa ya soda iliyosahauliwa kwenye friza," alisema Nusu.

"Hivyo hivyo. Soda yote imemwagika, wewe unapima chupa."

Kinyozi aliacha kusugua mashine. "Lakini Sista, mimi nilipigiwa simu. Nikaambiwa ugonjwa haukuonekana. Nilimwambia kila mtu. Tulipika."

Ni kweli walipika. Mtaa ulikula mpaka sufuria zikasuguliwa kwa vidole.

"Yule wa mapokezi alikusomea mstari wa kwanza wa majibu," alisema Sista, na uso wake ulionyesha kwamba mtu wa mapokezi alikwisha kuambiwa lake. "Mstari wa pili ulisema sampuli imeharibika, jibu lisitumike. Haukuonekana kwa sababu hakuna kilichoonekana. Si ugonjwa, si uzima. Ndiyo maana nimekuja kwa miguu yangu. Unameza dawa?"

Kinyozi aliwasha mashine. Ikanguruma bure hewani.

"Nakuuliza, baba. Tangu ile simu unameza dawa?"

Mama Pacha aliinua uso wake sakafuni.

"Zinanivimbisha macho," alisema Kinyozi. "Mteja anakaa hapa, ananitazama kwenye kioo, anadhani nimetoka kupigana. Na vidole vinakaza. Unajua kinyozi vidole vikikaza na wembe uko shingoni mwa mtu? Nikasema basi, kama umeondoka, ninammezea nani?"

Nusu alijishika shingo.

Sista hakumgombeza, na hilo ndilo lililowatisha. Alisema tu kwamba daktari anataka damu mpya mwanzoni mwa wiki, na kwamba Kinyozi aanze vidonge leo hii. Ikionekana ugonjwa umekwishavizoea vidonge, kuna dawa nyingine, lakini hiyo hutolewa mjini peke yake, kwa watu wanaokaa karibu na hospitali. Kwa maneno mengine, kibanda kifungwe, nyumba ihame, au baba ahame nyumba ibaki.

"Na damu ifike kabla siku ya pili haijaisha," alisema akisimama. "Isiachwe juani, isigandishwe. Mkiifanya kama mtoto aliyelala kivulini, inatosha. Mtoto hamumtii chumvi."

*

Jioni ile, wapangaji wa uani wakiwa bado wanaigiza sauti ya Bibi na mboga yake isiyo na chumvi, Mama Pacha aliingia kibandani na kikombe cha maji.

"Ziko wapi?"

Kinyozi alinyoosha mkono juu ya kabati, akashusha kopo la poda ya wateja. Vidonge vyote vilikuwa mle, vyeupe kwa poda kama vimeoga. Akakipuliza kimoja, akakimeza, akapiga chafya.

"Umenificha mimi," alisema Mama Pacha.

"Na wewe hukuniambia habari ya chumvi."

"Chumvi niliona ni akili. Nilijua barafu itakaa zaidi. Nilitaka ifike."

"Najua."

"Na nimemtukana mwenzangu mbele ya watu."

"Hilo nalo najua. Nilikuwepo." Kinyozi aliketi kwenye kiti chake mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Kamwombe radhi, Mama Pacha. Ni hatua chache tu hapo mbele."

"Akinicheka je?"

"Mtaa mzima umekucheka. Mmoja zaidi si kitu."

Hakwenda. Alitoka mpaka kizingitini, akamwona Mama Barafu upande wa pili anapima barafu kwenye mifuko na kuongea na wateja kwa sauti ya kusikika mbali, akarudi ndani. Tangu siku hiyo wanawake wale wawili hawakusemeshana. Mama Pacha akitaka maji baridi alimtuma Nusu. Mama Barafu akitaka kujua mgonjwa amelalaje alimuuliza Nusu. Nusu, ambaye zamani alikuwa mtu wa kunyoa na kwenda zake, akajikuta ana kazi na haoni tena pa kutokea.

*

Siku ya damu mpya ilipofika, Mama Pacha alilifunga boksi mwenyewe mbele ya Sista. Kichupa chenye kifuniko cha zambarau akakizungushia kitambaa kikavu, akakilaza upande mmoja. Kifuko kidogo cha barafu akakiviringisha kwenye taulo, akakiweka upande wa pili, mbali, kama watu wawili waliogombana. Kisha akabandika gundi juu na kumtazama kaka yake.

"Mtu akitaka kukusaidia?"

"Nakataa," alisema Seremala.

"Utingo?"

"Nampiga."

"Usimpige. Kataa tu."

Seremala akalikumbatia boksi akaenda stendi. Njiani, watu waliosikia habari walimzuia kwa wema. Muuza samaki alimpa barafu. Fundi redio alimpa feni ndogo ya betri. Mama mmoja asiyemjua kabisa alitaka kulimwagia boksi maji. Alikataa wote, na alipofika stendi alikuwa ametoka jasho kuliko siku ya kupanga mbao.

Basi halikuwepo. Lilikuwepo, lakini limelala kwenye gereji, injini iko chini na fundi yuko chini yake. Karani wa mizigo alimwambia kesho jioni ndiyo kuna jingine, na linalala njiani.

Seremala alirudi na boksi lake. Alipoingia kibandani hakuna aliyemuuliza kitu, kwa maana boksi lilijieleza. Kinyozi aliacha kichwa cha mteja. Mama Pacha alihesabu kwa vidole, akahesabu tena, akaviacha.

"Atatolewa nyingine wiki ijayo," alisema Seremala.

"Wiki ijayo Sista yuko likizo, na daktari anataka jibu sasa," alisema Mama Pacha. "Anataka kujua kama tuhame."

Nusu, ambaye sasa alikuwa haulizi tena kama anahitajika, alitoka mbio akavuka barabara. Hawakusikia alichosema huko. Walichosikia ni kifuniko cha friza kufungwa kwa nguvu, halafu sauti ya Mama Barafu kwenye simu.

"Uko wapi? Umeshashusha soda? Basi usiondoke. Nimesema usiondoke, kuna mtu wa kumpeleka mjini. Mdogo. Hali, hanywi, hana maneno."

Dereva wa lori la soda alikuwa mteja wake mkubwa wa barafu, na kila siku alikwenda mjini na makreti matupu na kurudi nayo yamejaa. Lori lilipofika, Mama Barafu alitoka nyumbani kwake na aproni bado kiunoni, akavuka barabara, akasimama mlangoni kwa Kinyozi. Hakumtazama Mama Pacha. Alimtazama Nusu.

"Mwambie mwenye boksi kwamba nalipeleka mwenyewe. Akipewa dereva atalipanga na kreti."

Nusu alimgeukia Mama Pacha aliyekuwa umbali wa mkono mmoja. "Anasema—"

"Nimesikia. Mwambie aliweke kivulini. Mwambie asante."

"Anasema asante."

"Mwambie sijafika," alisema Mama Barafu, akalichukua boksi.

*

Alilipakata njia nzima. Dereva alitaka kuwa mwema, kwa hiyo akatoa chupa ya soda iliyokuwa bado baridi ailaze pembeni ya boksi.

"Isogeze hiyo soda," alisema Mama Barafu.

"Nasaidia, mama."

"Sisi watu wa kusaidia ndio tumefika hapa tulipo. Washa kiyoyozi, uangalie barabara."

Mjini, mlinzi wa geti la hospitali aliitazama aproni yake, akaitazama kanga yake iliyolowa barafu, akamwonyesha kwa rungu.

"Mizigo ya kantini ni geti la nyuma."

"Sileti kantini. Naleta damu."

"Ya nani?"

"Ya jirani yangu."

"Ni ndugu yako?"

"Hapana. Tena tumenuniana."

Mlinzi alishindwa kujua hilo linaingia wapi katika kazi yake, akampisha. Kwenye dirisha la maabara alisimama nyuma ya watu wenye viatu vizuri, wakamwachia nafasi kubwa kidogo kuliko waliyoachiana wao. Akaitumia nafasi hiyo kuliweka boksi kivulini.

Mwanamke mwenye glavu alilifungua, akagusa taulo, akagusa kitambaa, akakiinua kichupa na kukilaza kushoto kisha kulia. Damu ikatembea ndani yake laini, bila kukwama.

"Hii imekuja vizuri," alisema. "Nani aliifunga?"

Mama Barafu aliviangalia kitambaa na taulo. Angeweza kusema ni yeye. Hakuna ambaye angejua.

"Mke wake," alisema. "Ana mikono."

Maneno hayo yalirudi mtaani kabla yake, kwa sababu alimpigia Nusu, na Nusu hakuwa mtu wa kuchuja.

*

Siku za kungoja Kinyozi alimeza vidonge vyake mbele ya wateja ili wawe mashahidi. Macho yakavimba. Akimkuta mteja anayatazama kwenye kioo, alisema, "Ndiyo, nilipigana, na bado napigana, inamisha kichwa." Kazi haikupungua. Ila usiku, kwa mujibu wa Bibi asiyeficha kitu, alikuwa anageuka kitandani mpaka kitanda kinalalamika.

Sista alikuja mwenyewe, saa za mchana, siku moja kabla ya likizo yake. Kibanda kilijaa, sebule ikajaa, dirishani kukawa na vichwa.

"Sampuli ilikuwa nzima," alianza. "Mstari wa pili nauanza mimi, mnaona. Sasa ule wa kwanza. Ugonjwa upo."

Mtu mmoja dirishani alivuta pumzi.

"Upo kidogo sana. Umeshuka kuliko mwaka jana, hata baada ya ule ujinga wako wa kopo la poda. Daktari amesema vidonge vinafanya kazi, uendelee navyo hivyo hivyo, hapa hapa. Hakuna kuhama."

Kinyozi hakuruka kama siku ya simu. Aliketi. Safari hii habari ilikuwa ndogo kuliko ile ya kwanza, na alijua kwamba hii hakuna mtu atakayekuja kesho kuichukua tena.

"Upo," alisema.

"Upo," alisema Sista.

"Na mimi nipo."

"Na wewe upo. Na macho yako yatavimba. Kuna kidonge cha usiku cha kupunguza huo mkazo wa vidole. Ungesema mapema ungepewa mapema."

Mama Pacha alikuwa ameshika kiti kwa nyuma kwa mikono miwili, na kiti kilikuwa kinazunguka polepole na mumewe ndani yake, kushoto kidogo, kulia kidogo. Kisha akakiacha, akaingia jikoni, na watu wakasikia sufuria kubwa likishushwa. Wali ulikuwa tayari, na nyama. Alikuwa amepika tangu asubuhi, jibu liwe lolote. Bibi alionja, akasema chumvi ipo, na nyumba nzima ikaanza kucheka upya na kukaa chini, wengine kwenye mkeka, wengine kwenye mbao za Seremala, Nusu kwenye kiti cha kuzunguka na sahani kubwa kuliko ya mwenye nyumba.

Mama Pacha aliwapakulia wote. Halafu akaweka mwiko chini, akafuta mikono, akatoka kwa mlango wa kitambaa na kuvuka barabara.

Mama Barafu alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na friza, ameegemeza shavu, anatazama upande mwingine kabisa. Mbele yake palikuwa patupu.

"Jibu limekuja," alisema Mama Pacha.

"Nimesikia kelele."

"Hatuhami."

Mama Barafu aliitikia kwa kichwa. Alipangusa kifuniko cha friza ambacho hakikuwa na vumbi. "Vizuri. Ningemuuzia nani maneno."

Mama Pacha alisogea, akaegemea friza.

"Yule wa maabara kweli alisema nimefunga vizuri?"

"Alisema. Mimi nilisema una mikono."

"Nilikukosea, dada yangu. Mbele ya watu wote wale."

"Wote," alisema Mama Barafu. "Hata wa dirishani."

"Hata wa dirishani. Funga friza, twende ukale."

"Nitaachaje biashara? Wateja wangu wakija?"

"Wateja wako wote wako kwangu, wanakula," alisema Mama Pacha. "Twende, kabla Nusu hajarudia."